Kanisa Lililogeuzwa Maktaba

Katika mji wa Vught, nchini Uholanzi, kanisa la Mtakatifu Petro, lililokamilika mwaka 1884, lilipungukiwa na waumini hata likafungwa. Mwaka 2018 lilifunguliwa upya kwa jina la DePetrus, likiwa maktaba, makumbusho na ukumbi wa wenyeji.

Twaisifu kazi hii kwa kuwa haikuficha asili ya jengo. Nguzo na matao yamebaki, na ghorofa mpya ya wasomaji inapita juu ya makabati ya vitabu.

Lakini makabati hayo yamewekwa juu ya reli, ili yasukumwe pembeni zifanyikapo hafla kubwa. Hapo ndipo penye shaka yetu. Fundi ametatua tatizo la nafasi. Je, saa za msomaji atazilinda nani? Hafla huja na shangwe na fedha. Usomaji hutaka utulivu, wala haupigi kelele kudai haki yake.

Basi nasi tutengapo chumba cha vitabu, shuleni au wilayani, hatuna budi kuhesabu kwanza siku ambazo msomaji ataukuta mlango wazi na kabati mahali pake.