Damu kama Kipimo cha Kupona: Uhakiki wa Ulinganisho wa Wavutaji na Wasiovuta Sigara katika Tiba ya Uvimbe wa Fizi Kuzunguka Vipandikizi vya Meno

Tafiti zinazolinganisha wavutaji wa sigara na wasiovuta katika tiba ya uvimbe wa fizi kuzunguka vipandikizi vya meno zina muundo unaokaribiana. Wagonjwa hugawanywa katika makundi mawili, ukoga huondolewa kwa vifaa vya kukwangulia, na pengine huongezwa dawa ya kusukutua au tiba ya mwanga. Baada ya wiki au miezi kadhaa fizi hupimwa upya. Uhakiki huu haupingi muundo huo. Unachohoji ni kipimo kinachotumika.

Mkutano wa wataalamu uliofanyika Chicago mwaka 2017, ambao uainishaji wake ulichapishwa mwaka 2018, ulitenganisha hali mbili. Ya kwanza ni uvimbe wa tishu laini peke yake. Ya pili ni uvimbe unaoambatana na upotevu wa mfupa unaoshika kipandikizi. Katika hali ya kwanza, dalili kuu ni damu inayotoka kipimio chembamba kinapoingizwa taratibu kati ya fizi na kipandikizi. Mwongozo wa tiba wa Shirikisho la Ulaya la Periodontolojia wa mwaka 2023 nao uliifanya damu kuwa kigezo cha mafanikio: pasiwe na usaha, na sehemu inayotoa damu isizidi 1 kwa kila kipandikizi. Hivyo basi, mgonjwa huingia katika utafiti kwa sababu ya damu na hutangazwa amepona kwa sababu ya damu.

Tatizo linaanzia hapo, kwa kuwa sigara huathiri damu hiyo hiyo. Imethibitika katika tafiti za meno ya asili kwamba fizi za mvutaji hutoa damu kidogo kuliko za asiyevuta mwenye kiasi sawa cha ukoga, na kwamba anayeacha sigara huweza kuona damu ikiongezeka ndani ya wiki chache, hata kama usafi wa kinywa chake haujazorota. Ni kweli kwamba fizi inayozunguka titani si sawa na ile inayozunguka jino, kwani nyuzi zake hazijajishikiza kwenye kipandikizi kama zinavyojishikiza kwenye mzizi. Hata hivyo, hakuna sababu ya msingi ya kudhani kwamba mishipa yake midogo haiguswi na moshi.

Athari ya kwanza ni katika uteuzi. Mvutaji ambaye uvimbe wake umefichika hahesabiwi kuwa mgonjwa, na kwa hiyo haingii kabisa katika sampuli. Athari ya pili, ambayo mhakiki anaiona kuwa nzito zaidi, ni katika tafsiri. Mtafiti anapohitimisha kwamba makundi mawili yamepona sawasawa, msomaji hana njia ya kujua kama tiba imewafaa wavutaji au kama kipimo kimeshindwa kuona kilichobaki. Zaidi ya hayo, mgonjwa aliyetii ushauri wa daktari na kuacha sigara katikati ya utafiti anaweza kuandikwa katika jedwali kuwa tiba imemshinda. Huyo ndiye aliyefanya jambo jema kuliko wote.

Suala la muda nalo halijapewa uzito unaostahili. Jaribio la Salvi na wenzake la mwaka 2012 liliwaacha washiriki wakusanye ukoga kwa wiki 3, kisha wakarejea kwenye usafi kwa wiki 3 nyingine. Wiki hizo hazikutosha kuirudisha fizi ya kipandikizi katika hali yake ya awali. Utafiti unaofungwa mapema hauwezi kutenganisha mvutaji anayepona polepole na asiyepona.

Kuhusu nani aitwe mvutaji, tasnifu nyingi huridhika na kauli ya mgonjwa mwenyewe. Kipimo cha kotinini kwenye mate kinasaidia, ingawa huonyesha uvutaji wa siku chache tu zilizopita na hakisemi lolote juu ya miaka 20 iliyotangulia. Yote mawili yanahitajika.

Mkutano huo wa Chicago uliona kwamba ushahidi wa sigara kuwa kihatarishi cha upotevu wa mfupa kuzunguka vipandikizi haukuwa wa kuhitimisha. Baadhi ya waandishi huichukua kauli hiyo kana kwamba imeisafisha sigara, ilhali ushahidi usiotosha si ushahidi wa usalama.

Mtahini anayepokea tasnifu ya aina hii ana haki ya kudai mambo yafuatayo: picha za eksirei za mwanzo na za mwisho, kina cha mfuko wa fizi kikilinganishwa na kipimo cha awali cha kipandikizi kile kile, taarifa ya usaha ikitolewa peke yake, na walioacha sigara wakitengwa katika kundi lao tangu siku waliyoacha.