Kasha Nje ya Matuta: Kupanga Jiokeshi Karibu na Sutton Hoo

Basil Brown alipochimba tuta kubwa la mazishi la Sutton Hoo, juu ya mto Deben mkoani Suffolk, Uingereza, mwaka 1939, hakukuta mbao za merikebu ile ya Waanglo-Saksoni yenye urefu wa mita 27. Mchanga wenye asidi ulikuwa umeshazila. Kilichobaki ni umbo la chombo mchangani na safu za misumari ya chuma iliyoliwa na kutu, naye akazifuata kwa subira bila kuing'oa. Mahali kama hapo, shimo dogo la koleo la bustani linatosha kufuta ushahidi usiorudi tena.

Hilo ndilo la kwanza kuzingatiwa na anayepanga jiokeshi, mchezo wa kutafuta makasha yaliyofichwa kwa kutumia GPS. Kanuni za mchezo hukataza kuchimba shimo la kufichia bila idhini ya mwenye ardhi, na sheria ya Uingereza ya mwaka 1979 hulinda maeneo ya kale yaliyoorodheshwa. Lakini katazo halikupi mpango. Mpango mzuri ni huu: matuta yatoe maswali, kasha likae kwingine kabisa, kando ya njia ya umma.

Mchezaji husoma mabango, hupata tarakimu, huzipachika kwenye majiranukta. Tuseme nyuzi na dakika nzima zimetolewa, naye ajaze desimali tatu za dakika kutokana na 1939 na 27. Hapa wapangaji wengi hawapigi hesabu ya kosa. Katika latitudo, kukosea kwa moja kwenye desimali ya tatu humsogeza mtu karibu mita 2. Kwenye ya pili, mita 18 na nusu. Kwenye ya kwanza, mita 185. Jibu moja baya laweza kumrudisha juu ya makaburi akidhani amefika. Kwa hiyo desimali ya kwanza itolewe bure, na kuwe na jumla ya tarakimu ya kuhakikishia jibu kabla mtu hajaondoka kwenye bango.

Wezi wa zamani wa Sutton Hoo walikwama kwa kosa la namna hiyohiyo. Upande mmoja wa tuta ulikuwa umekatwa, umbo likabadilika, nao wakachimba kitovu walichokiona kwa macho. Chumba cha mazishi kilikuwa pembeni yao, kikasalimika hadi 1939.

Linabaki suala la hatua za mwisho, ambalo mimi naliona zito kuliko fumbo lenyewe. GPS ya aliyeficha ikikosea mita 5, na ya anayetafuta mita 5, eneo la kupekuliwa ni duara la nusu kipenyo cha mita 10: mita za mraba 314 za nyasi zinazokanyagwa na udongo unaokwaruzwa. Chini ya miti huwa kubwa zaidi. Kidokezo kisichozunguka, mathalani kwamba kasha limening'inizwa kwenye nguzo ya uzio kwa kimo cha goti, hulipunguza duara hilo hadi hatua moja, na hakuna atakayeshika udongo.

Kasha liwe la plastiki, bila sumaku wala kifuniko cha chuma. Wanaakiolojia hupima usumaku wa ardhi ili kuona mitaro na mashimo bila kuchimba, na kopo la chuma lililosahaulika huacha alama bandia kwenye vipimo vyao.