Kichoro Ndani ya Barua

Aprili 1885, mchoraji Vincent van Gogh alimwandikia mdogo wake Theo barua kutoka kijiji cha Nuenen, Uholanzi. Ndio kwanza alikuwa ametoka nyumbani kwa wakulima fulani, alikokuwa akiwachora kwa mwanga wa taa wakila viazi. Akaona maneno hayatoshi. Akawachora tena kwa wino, wadogo, humohumo baruani.

Kitazame kichoro hicho. Taa inaning'inia juu ya meza, vichwa vimeinamiana, mikono imenyooka kwenye chakula. Kuta na dari vimemezwa na mistari ya haraka iliyokatizana. Hakuna uso uliokamilika, na bado unajua kwamba hawa wamechoka na wana njaa. Anayeichora upya kazi yake kwa udogo namna hiyo hana pa kujificha: lazima aamue kipi kikikosekana picha inakufa, na kipi kikiondoka hakuna atakayekiulizia. Uamuzi huo ndio ufundi ninaousifu, na kwangu hauna thamani pungufu ya ule wa picha kubwa ya rangi ya wakulima haohao.

Siku chache baadaye aliichora picha ileile juu ya jiwe la chapa, kwa kumbukumbu tu, kwa siku moja, nakala zikachapwa Eindhoven. Hakuigeuza kwanza kwenye jiwe, kwa hiyo ikatoka kinyume: wa kushoto wakahamia kulia. Rafiki yake msanii, Anthon van Rappard, alipoiona aliishambulia bila huruma, akaukosoa hata mkono wa mwanamke na birika la kahawa. Vincent akamrudishia barua yake. Urafiki wa karibu miaka mitano ukapata ufa usiozibika. Rappard alikuwa ameletewa kazi iliyokwisha. Theo alikuwa ameiona ikizaliwa, barua baada ya barua, kwa mkono uleule ulioandika salamu.

Siku hizi chapa ikitoka tu, wino haujakauka, simu imeshatolewa mfukoni. Picha inapigwa, inatumwa kwa watu mia, na jioni hakuna anayeikumbuka. Simu hunasa kila kitu kwa usawa, ndiyo maana haiwezi kutuambia mwenye kazi aliona nini. Tumepata wepesi, tumepoteza ushahidi wa jicho la mwenye kazi. Inaniuma, kwa sababu wachapaji hodari tunao, na mikono yao inajua mengi wasiyoulizwa.

Theo alifariki Januari 1891, miezi sita baada ya kaka yake. Mjane wake, Jo, alizitunza barua zile mpaka zikachapishwa mwaka 1914.

Nawe mchapaji unayesoma hapa, chapa yako ijayo usiipige picha kwanza. Chukua karatasi, mwandikie mtu mmoja anayekujua, umchoree kwa kumbukumbu ulichokifanya. Nawe uliyeandikiwa, usiitupe barua hiyo.