Katuni ya Nani?

Wenzangu hudai kuwa mtu mzima hufuata katuni za watoto kwa ajili ya vichekesho asivyovielewa mtoto. Mimi sikubali. Tutazame Bluey ya Australia (2018), hasa kisa cha “Baby Race”. Mtoto anaona mbio tu: nani atatembea kwanza? Mzazi anamwona Chilli, mama aliyeingiwa na wahka kwa kuwa bintiye anachelewa na wa jirani anamtangulia. Basi aja mama mwenzake, mzazi wa watoto tisa, amwambia kwamba anafanya vizuri. Maneno machache hayo, na watu wazima wanalia, tena kwa ajili ya mbwa wa kuchorwa! Fanani hakuficha fumbo lolote. Ila mtoto ndiye anayehofiwa. Hofu yenyewe anaijua mzazi. Visa vya mizaha ya baba, Bandit, mie huvisahau upesi.