"Pete" ya Bakteria na Kitenzi Kisichoifaa

Istilahi "pete" imekwisha zoeleka katika maelezo ya jinsi bakteria wanavyojigawa, nasi hatuna ugomvi na umbo lake. Mwaka 1991 Bi na Lutkenhaus, kwa hadubini ya elektroni, walionyesha kuwa protini iitwayo FtsZ hujipanga kama duara katikati ya Escherichia coli, mahali seli itakapogawanyika. Hadubini ile huonyesha seli iliyokwisha kufa. Aliyeona duara lililotulia alikuwa na haki ya kuliita pete.

Kasoro huanza pale mfasiri anapoandika kuwa pete hiyo "huibana seli hata ikakatika". Pete kwetu ni kitu kilichofuliwa kikaisha, wala haipungui kidoleni. Mwaka 2017 makundi mawili ya watafiti yalieleza katika jarida la Science yale waliyoyaona katika bakteria walio hai, baada ya kuitia FtsZ alama ya kung'aa. Waliona nyuzi fupi fupi zikitambaa kuizunguka seli, kiasi cha nanomita 30 kwa sekunde. Ajabu yake ni kwamba chembe za uzi hazisogei: uzi huongezeka ncha moja na kupungua ncha ya pili. Nyuzi hizo huviongoza vimeng'enya vinavyojenga kiambaza kuelekea ndani, mpaka seli zikawa mbili.

Kwa mwalimu tofauti hii si ndogo. Sefaleksini, dawa iliyo karibu na penisilini, huzuia kimeng'enya cha kujengea kiambaza. Escherichia coli akarefuka pasipo kugawanyika, hali FtsZ imekwisha jipanga mahali pake. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba pete ndiyo ikatayo atalielezaje jambo hilo?

Basi "pete" na ibaki kuwa jina la umbo, lakini "kubana" kuiache nafasi yake kwa "kujenga kiambaza". Ama ule mwendo wa nyuzi, Kiingereza kimeuazimia jina la kinu kinachoendeshwa kwa kukanyagwa. Hatuoni sababu ya kukifuata huko. Msukaji wa ukili husuka mbele. Lau nyuma ungefumuka kwa kasi ile ile, ukili ungetambaa mkekani bila kuvutwa na mtu. Tunapendekeza "msuko-fumuko", na kitenzi chake "kusuka na kufumuka".