Tarakimu za penseli

Marehemu baba aliacha barua 43 kwenye sanduku la bati, zote za mama yake, zote zimeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Baba alikuwa karani wa Reli ya Afrika Mashariki, Mombasa. Bibi alikuwa Pangani. Tulikua tukijua kwamba baba alirudi Tanga kwa sababu moja tu: Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, reli ikagawanywa, kila mtu akashika njia ya kwao. Barua zina habari nyingine. Ila haimo katika maneno yake, na ndiyo maana nataka kueleza zilivyosomwa.

Maneno yenyewe hayasaidii sana. Anayejua barua za zamani za pwani anajua nusu ya karatasi ni salamu: kwa mwanangu mpenzi, baada ya salamu, sisi huku hatujambo sote, hofu yetu ni juu yako wewe. Bibi hakuumwa hata siku moja katika barua 43. Hakupungukiwa na kitu. Mvua ikikosa, inakosa kwa majirani.

Kwa hiyo nilianza na karatasi kabla ya maneno, na kazi ya kwanza ilikuwa kuzipanga kwa miaka. Barua 17 zilikuwa bado na bahasha. Zingekuwa na stempu pia, kama si mimi. Nikiwa darasa la nne nilikuwa nakusanya stempu, nikazikata kwa mkasi moja baada ya nyingine, nikaona nimefanya jambo la maana. Zilizosalimika ni chache, mojawapo ina picha ya samaki, yenye jina la Tanzania pamoja na ya Kenya na Uganda, maana posta ilikuwa moja. Toleo hilo la samaki lilitoka mwishoni mwa 1967. Stempu hukupa mwanzo tu: barua haiwezi kuwa ya kabla ya hapo, lakini inaweza kuwa ya miaka mingi baadaye. Kinachokupa siku ni mhuri, na mihuri nilikuwa nimeikata nusu. Nusu iliyobaki kwenye bahasha niliisoma usiku kwa tochi, nimeilaza ubavuni mwa karatasi ili mwanga upite juu juu. Pale ambapo wino umefifia, alama ya chuma iliyogandamiza karatasi hutoa kivuli. Nikapata miezi na miaka ya bahasha tisa.

Zilizobaki zilitaka hesabu. Bibi alitumia miezi yake ya Kiislamu: mwezi 6 Mfunguo Mosi, siku ya Ijumaa. Mwaka aliutaja kwa nadra. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, yaani wiki 50 na siku nne au tano juu, hivyo tarehe ile ile husogea siku nne au tano za wiki kila mwaka. Ukijua tarehe na siku ya wiki, miaka mingi inaanguka. Hesabu haibaki safi, kwa kuwa mwezi wa Pangani uliandama ulipoonekana Pangani, si kwenye kalenda iliyochapishwa, kwa hiyo niliacha nafasi ya siku moja huku na huku. Na kuna mtego ulionipotezea jioni nzima: "usiku wa Ijumaa" wa bibi ni Alhamisi baada ya magharibi. Siku yake ilianza jua likizama.

Kusoma hati yenyewe nilimtegemea shangazi, aliyejifunza chuoni kwa mwalimu yule yule wa bibi. Mimi naijua alfabeti, lakini kuijua alfabeti si kusoma. Kasra moja inabeba *i* na *e*. Dhumma moja inabeba *u* na *o*. Ba ya wazee ni *b*, ni *p*, na mara nyingine ni *mb*. Msomaji analijua neno kwanza, ndipo analiona. Tungo za mshairi Muyaka zenyewe zisingetufikia zikisomeka kama si Mwalimu Sikujua wa Mombasa kukaa na Mzungu, W. E. Taylor, akamfafanulia neno kwa neno.

Siku moja shangazi akasita. Mstari ulisema ama "mwaka huu nimeuza wa pili" ama "mwaka huu nimeoza wa pili". Ukiandikwa kwa hati ile, hauna tofauti hata ya nukta. Wa pili anaweza kuwa mnazi, anaweza kuwa mtoto.

"Wa pili ni mimi," shangazi akasema. "Na mwaka huo sikuolewa."

Juu ya neno hilo palikuwa na alama ndogo ya kuuliza, ya penseli. Mkono wa baba. Naye alikwama papo hapo. Barua inayofuata, kwa mpango wangu wa miaka, inaanza mara tu baada ya salamu: ni mnazi, dada yako yupo, na wewe ndiye utakayemwoza. Nilifurahi mara mbili, kwanza kwa jibu, pili kwa kuwa barua mbili nilizoziweka jirani kwa hesabu zilikuwa kweli zinaongea.

Hapo ndipo nikaanza kutafuta penseli. Barua za baba kwa bibi zililiwa na mchwa zamani, kwa hiyo alama hizi ndizo sauti pekee aliyonayo sandukuni. Na kuanzia 1973 kila barua ina tarakimu pembeni, chini: 24, 22, 22, 19. Nilidhani ni shilingi alizotuma. Lakini risiti tatu za moni oda zilizomo zinasema 30, 40 na 40. Nikaziacha wiki nzima. Zilinijia nilipokuwa nazipiga picha dirishani, nikihesabu mistari ili nisiruke ukurasa: barua yenye 19 ina mistari 19. Barua za mwanzo zina 26 kwa karatasi ile ile. Nikazitandaza sakafuni kwa mfuatano. Herufi zinanenepa, mistari inateremka kushoto, nukta zinaanguka mbali na herufi zake.

Nikamuuliza shangazi kama macho ya bibi yalikuwa yanakwisha.

"Nilimwambia nimwandikie mimi," akasema. "Akakataa. Alisema mwanawe ataona si hati yake, atashtuka."

Barua ya mwisho ni mojawapo ya zile chache zenye mwaka: Mfunguo Tatu 1396, siku chache baada ya Idi ya kuchinja, ambayo mwaka huo iliangukia mwanzoni mwa Desemba 1976. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa Februari 1977. Bibi anasema habari ya baba kuomba uhamisho imemfikia, na asiache kazi kwa ajili yake, kwani yeye ni mzima na haoni taabu yoyote. Karibu kila neno lina herufi za Kirumi juu yake, za penseli, kama mwanafunzi anayefasiri. Pembeni, chini, ameandika 11.