Usimtajie Muuza Spea Jina la Gari

Ukiingia duka la spea Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, swali la kwanza ni moja: gari gani? Mwenye Volkswagen Beetle akijibu "Beetle ya 71", ataondoka na kitu mkononi, ila si lazima kiwe kinachomfaa. Gari la umri huo limepita mikono mingi. Bodi yaweza kuwa ya 1971, injini ya 1967, kabureta ya Brazili, na pampu ya petroli ni ile fundi aliyoipata siku gari lilipozimika njiani. Kadi ya gari haiyajui hayo. Spea za mfumo wa petroli hazinunuliwi kwa jina la gari wala kwa mwaka wake. Hununuliwa kwa namba iliyogongwa kwenye chuma kilichofungwa humo.

Anza na injini. Fungua boneti la nyuma, utazame kwenye bloku chini ya kikalio cha dainamo. Utakuta herufi na tarakimu. D ni injini ya 1200, F ni 1300, H ni 1500. AB ni 1300 na AD ni 1600, zote mbili za kuanzia 1970. Kisha geukia kabureta. Ubavuni pameandikwa Solex, pamoja na 28 PICT, 30 PICT, 31 PICT au 34 PICT, na nyuma yake kuna tarakimu moja ambayo wengi huiruka. Usiiruke. Kabureta ya 30 PICT-1 na ya 30 PICT-3 zina tundu la ukubwa mmoja, lakini njia ya petroli ya sailensa, yaani injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, imepangwa tofauti na skrubu za kurekebishia si zile zile. Nayo 34 PICT-3 haikai juu ya manifoldi ya 30 bila adapta. Piga picha namba zote hizo kabla hujatoka nyumbani. Muuzaji anayeijua kazi yake ataitazama picha kwanza, ndipo ageukie rafu.

Kuna jambo la umeme ambalo husahaulika. Choki ya kabureta hizi hupashwa moto kwa umeme, na nyingi zina valvu ndogo inayokata petroli ya sailensa ukizima gari. Beetle nyingi za kabla ya 1967 zilitoka kiwandani na umeme wa volti 6, na vifaa hivi viwili vilitengenezwa kwa 6 na kwa 12 vikiwa na sura ile ile. Volti huwa imeandikwa kwenye kifaa chenyewe, na kwa choki ni kwenye kauri. Choki ya 6 ukiiunganisha na 12 itafunguka mapema mno, kisha iungue. Valvu ya 12 ukiipa 6 huenda isifunguke kabisa, na gari likawa halikai sailensa hata ukisafisha kabureta mchana kutwa.

Sasa tuseme una kabureta mbili mezani: Solex ya Kijerumani iliyochoka, na mpya inayong'aa isiyo na jina la kiwanda popote. Macho yatakuvuta kwenye ile mpya. Yazuie, utumie vidole. Shika mhimili wa kipepeo cha chini kwa ncha zake mbili, uutikise juu na chini. Kabureta nzuri mhimili wake huzunguka bila kucheza. Ukicheza, hewa itaingia pembeni na hakuna jeti itakayoliponya gari hilo. Kisha funga kipepeo, inua kabureta uielekeze kwenye dirisha na uchungulie. Kipepeo kilichokaa vizuri huacha uzi mwembamba wa mwanga ulio sawa pande zote, au hauonekani kabisa. Ukiona mwanga umekusanyika upande mmoja kama mwezi mwandamo, kipepeo hakijakaa katikati. Nimeona kabureta mpya zikishindwa mtihani huo zikiwa bado na grisi ya kiwandani. Solex kuukuu ikishindwa mtihani wa mhimili, fundi wa mashine za kukereza vyuma huipigia bushi mpya, na inarudi kazini kwa miaka mingi. Ile ya bandia ikishindwa, chuma chake mara nyingi ni laini na chenye vinyweleo, hakishiki bushi wala uzi wa skrubu. Kati ya hizo mbili mimi huchukua kuukuu, bila kusita.

Kabla hujaiweka chini, kagua bomba fupi la shaba linaloingiza petroli kwenye kifuniko. Kiwandani limesukumwa kwa nguvu likabana, halina uzi. Baada ya miaka mingi ya joto na mtikisiko hulegea, na likichomoka gari likiwa linatembea, pampu humwaga petroli juu ya injini yenye moto, karibu kabisa na distributa. Beetle nyingi zimeteketea kwa njia hiyo. Lishike kwa koleo lililofungwa kitambaa, ulizungushe taratibu. Likizunguka, kabureta hiyo haifungwi mpaka bomba litengenezewe uzi au libanwe upya. Kwa hili sikubali mjadala na fundi yeyote.

Jeti ni vipande vidogo vya shaba, na ndipo udanganyifu hujificha vizuri zaidi. Namba iliyogongwa juu yake, tuseme 127.5, inaonyesha ukubwa wa tundu kwa sehemu za mia za milimita, yaani milimita 1.275. Jeti za bei ya chini hugongwa namba yoyote mnunuzi anayoitaka. Itazame kwenye mwanga kwa lenzi: tundu liwe duara safi lenye ukuta laini. Mikwaruzo ya mistari mirefu ndani maana yake kuna mtu alilizibua kwa waya, na tundu hilo limeshakuwa kubwa kuliko namba yake. Jeti huzibuliwa kwa hewa na dawa ya kusafishia, basi.

Hapa kwetu jeti ina suala jingine ambalo vitabu vya Ulaya hulipitia haraka. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15. Jeti inayofaa Mombasa itaipa injini petroli nyingi kupita kiasi Nairobi: plagi zitapaka masizi, moshi utakuwa mweusi, na gari litakula mafuta. Shuka ngazi moja au mbili, mathalani kutoka 127.5 hadi 122.5, ndipo urekebishe sailensa. Beetle ya Vic Preston na D. P. Marwaha iliyoshinda mbio za magari za Safari mwaka 1954 ilikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika, nchi zenye miinuko ya kila aina, kwa hiyo injini hii haina tatizo na milima. Anayeishi Arusha au Nakuru akumbuke tu kwamba jeti "sahihi" ya kitabuni ilichaguliwa kwa ajili ya nchi za chini. Mwenye gari linalopanda na kushuka kila wiki abaki na ile kubwa, maana petroli ikizidi kidogo huchafua plagi, ikipungua huunguza valvu.

Pampu ndiyo inayowashinda wengi. Inasukumwa na pushirodi, kijiti cha chuma kinachopanda na kushuka juu ya kemu ya shafti inayozungusha distributa ndani ya bloku, na vijiti hivyo ni vya aina mbili: milimita 108 kwa pampu ya injini zenye dainamo, milimita 100 kwa pampu ya zile zenye altaneta, ambayo imeinama kuipisha. Ukichanganya pampu ya aina moja na kijiti cha aina nyingine, ama haitavuta petroli ya kutosha, ama itasukumwa kupita kiasi mpaka diaframu ichanike au mkono wake uvunjike. Pima kijiti kwa kalipa kabla ya kununua pampu. Kisha, kikiwa ndani ya kikalio chake cha plastiki na gasketi zote zikiwa mahali pake, zungusha injini kwa mkono mpaka kifike juu kabisa: kinapaswa kuchomoza milimita 13. Kikizidi, ongeza gasketi. Pampu nyingi mpya husukuma kwa nguvu kuliko zile za zamani, na kabureta hizi zinataka shinikizo la psi 3 hivi. Likizidi sana, sindano ya boya hushindwa kuziba, petroli hufurika na kushukia kwenye oili. Chomoa stiki ya oili uinuse baada ya wiki ya kwanza. Ikinuka petroli, usiwashe gari tena. Kama pampu yako ya zamani ina skrubu juu na inafunguka, itengeneze kwa diaframu mpya. Nyingi za siku hizi zimebanwa kwa kukunjwa bati, na zikiharibika hakuna cha kufungua.

Kuhusu mpira, kanuni yangu ni fupi: chuma cha zamani kiamini, mpira wa zamani utupe. Diaframu iliyokaa kwenye boksi lake tangu miaka ya 1970 ni mpya kwa jina tu. Imekauka, na haikutengenezwa kwa petroli yenye ethanoli kama inayouzwa sasa nchi nyingi. Mipira ya petroli ya Beetle ina kipenyo cha ndani cha milimita 5.5. Ule wa robo inchi unaouzwa kila kona unazidi karibu milimita moja, na klampu haiwezi kuufidia. Tafuta uliochapishwa SAE J30 R9, maandishi yawe yameingia kwenye mpira wenyewe, si wino unaofutika kwa kidole. Filta ya plastiki isiwekwe kati ya pampu na kabureta, kwa sababu uzito wake unaning'inia kwenye lile bomba la shaba. Iweke chini, kabla ya petroli kuingia chumba cha injini.

Fundi akimaliza kufunga, mwambie aiachie injini sailensa dakika kumi boneti likiwa wazi, huku kizima moto kiko karibu, na upitishe kidole kikavu chini ya kila kiungo. Na ile Solex kuukuu uliyoibadilisha, hata kama imechoka, iombe uondoke nayo. Bodi yake inatengenezeka, na viwanda havitoi tena nyingine kama hiyo.